Pangani kwenye karatasi: kuisoma ramani kama kitabu

Kwenye ramani za zamani za pwani ya Tanga, kusini-mashariki mwa mdomo wa mto Pangani, kuna kiduara kimeandikwa Maziwe. Ni kisiwa. Wazee wa Ushongo watakuambia kilikuwa na mivinje, kina kivuli, na kasa walipanda usiku kutaga. Nenda leo. Ukifika maji yamejaa hukuti kitu, bahari tupu. Yakitoka unakuta fungu la mchanga mweupe na watalii wawili watatu wenye miwani ya kuzamia. Miti ilikwisha, mchanga ukakosa wa kuushika, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kinazama kila maji yakijaa. Serikali ilikuwa imekitangaza kuwa hifadhi mwaka 1975. Siku hizi kasa wakipanda kutaga pale, mayai hufukuliwa na kuhamishiwa ufuoni Ushongo yasije yakafa maji.

Naanza na Maziwe kwa sababu ndiyo iliyonifunza kwamba ramani ni kitabu cha wakati uliopita hata inapojifanya inasema "ipo". Lugha yake yote ni ya wakati uliopo. Kisiwa kipo. Njia ipo. Shamba la fulani lipo. Haina "palikuwa", haina "hapo zamani", haina hata "inasemekana". Riwaya ikikudanganya inakuandaa kwanza. Ramani haikuandai.

Mimi sikusomea ramani, nilisomea fasihi, na nilizifuata hizi karatasi kwa shida ya kifamilia nitakayoieleza huko mbele. Lakini nilipoanza kuzikunjua (maktaba kadhaa za nje zimeziweka mtandaoni, unaweza kuzikuza mpaka uone nyuzi za karatasi) nilijikuta nauliza maswali yale yale ninayoyauliza mbele ya kitabu. Nani anasimulia? Amesimama wapi? Nani amepewa jina na nani ameitwa "watu"? Wasomaji wa ukumbi huu tumezoea kujibu maswali haya kwa haraka sana: ramani ni silaha ya mkoloni, kwisha habari. Ni kweli, lakini ni ukweli wa mvivu. Utenzi pia unaweza kuwa silaha, na hatuachi kuusoma kwa sababu hiyo.

Basi tuisome Pangani. Mji mdogo, ukingo wa kaskazini wa mto, ng'ambo yake Bweni, katikati pantoni. Nyuma ya mji minazi, mbele fungu la mchanga kwenye mdomo wa mto linalozuia meli kubwa. Fungu hilo ni mhusika mkuu wa historia yake. Kabla ya reli, misafara ya pembe na watumwa ilishukia hapa kutoka bara. Burton na Speke walipita hapa 1857 wakielekea Vuga kwa Kimweri. Kisha Wajerumani wakaanza kujenga reli 1893, na hawakuianzia Pangani bali Tanga, kwenye bandari yenye kina. Kuanzia hapo Pangani ikawa mji wa milango mizuri na biashara ndogo. Gurnah ameandika mji wa aina hii katika riwaya yake ambayo kwa Kiswahili imeitwa Peponi. Kawa ni mji uliochangamka kwa sababu ya reli ya Wajerumani, kisha ukapoa. Kawa haimo kwenye ramani yoyote. Pangani imo kwenye zote, na bado nadhani Kawa inatuambia zaidi jinsi mji unavyopoa.

Karatasi ya kwanza ninayoipenda ni ya Kijerumani, ile Karte von Deutsch-Ostafrika, skeli ya 1:300,000, maana yake sentimita moja ni kilomita tatu. Ilichapishwa Berlin na Dietrich Reimer. Aliianza Richard Kiepert, wakaiendeleza Max Moisel na Paul Sprigade. Naam, naipenda, na nisikufiche kwamba inanisumbua kuipenda. Ni kazi ya dola iliyomnyonga Abushiri bin Salim mjini Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Lakini kama andiko, ina jambo moja ambalo karatasi zilizoifuata zimelipoteza: inaonyesha kwamba imeandikwa na watu waliotembea.

Ramani hii ilishonwa kutokana na safari. Afisa fulani alipita njia fulani, akahesabu saa, akapima pembe za vilima, akauliza majina, daftari likapelekwa Berlin. Matokeo yake ni kwamba maarifa yamekaa kando ya njia kama majani kando ya mfereji. Pale msafiri alipopita pana vijiji, vijito, miinuko, majina yamesongamana. Toka nje ya njia kidogo, karatasi inakuwa nyeupe. Weupe huo ni maneno. Unasema: hapa hatukufika. Ni wasimulizi wangapi unaowajua wanaokiri hivyo?

Na majina yake, jamani. J yetu wanaiandika dj au dsch, kwa hiyo lazima usome kwa sauti ndipo kijiji kitoke. Ukiwa peke yako chumbani unajikuta unatamka kama Mjerumani anayemsikiliza Mzigua aliyechoka, na ghafla unasikia watu watatu ndani ya neno moja: anayetaja, anayeandika, na wewe. Vijiji vingi vya Uzigua na Bonde vinaanza na "Kwa": Kwamsisi, Kwamkono, Kwamndolwa. Siku hizi tunaviandika neno moja, hatusikii tena kitu. Lakini "kwa" ni kwa mtu. Msafiri alipouliza "hapa ni wapi?", aliyejibu hakutaja mahali, alitaja mwenyeji: kwa fulani. Yaani ukipita hapa, piga hodi kwake. Kijiji kilikuwa adabu kabla hakijawa nukta. Ramani ilipochapwa, mwenyeji akagandishwa. Amekufa, watoto wamehama, jina limebaki peke yake kama mlango uliosimama baada ya nyumba kuanguka.

Mtu wa kusomwa hapa ni Oscar Baumann. Alikuwa Mwaustria, mchora ramani hodari, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwaka 1888 yeye na Hans Meyer, yule wa Kilimanjaro, walikamatwa na watu wa Abushiri katika vurumai ya mwambao, wakatiwa minyororo, wakakombolewa kwa fedha. Akaandika kitabu juu ya mkasa huo, akarudi, akapima Usambara, na 1891 akachapisha Usambara und seine Nachbargebiete pamoja na ramani. Alikufa 1899, miaka 35. Nikiangalia ramani ya nchi hii iliyotokana na kazi kama yake, nashindwa kusahau kwamba mmoja wa wachoraji aliwahi kuiona Pangani akiwa mfungwa. Katika kitabu chake amesema. Katika ramani hakuna hata alama. Mlima hauwi mkali zaidi kwa sababu aliyeupima alikuwa na kovu la mnyororo. Hiyo ndiyo sheria ya utanzu huu, mwandishi anatakiwa afe ndani ya kazi yake, na watu wa nadharia walikuja kulisema jambo hilo juu ya riwaya baadaye sana.

Upande wa pili alikuwepo Hemedi bin Abdallah el Buhriy, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima kwa hati za Kiarabu. J.W.T. Allen aliuhariri na kuuchapisha katika miaka ya 1950. Ukitaka kuielewa ile karatasi ya Berlin, uweke huu utenzi ubavuni. Hemedi naye anapanga nchi: Pangani, Saadani, Bagamoyo, Tanga. Lakini mahali kwake si nukta, ni tukio: hapa walishuka, hapa waliapa, hapa walikimbia. Huwezi kupima umbali kwa utenzi. Huwezi pia kuona kwenye ramani kwamba ule mji umeogopa. Kuna watu wanapenda kusema Hemedi ni "sauti ya wenyeji" na ramani ni "sauti ya dola". Ukisoma taratibu utaona Hemedi naye ana watu anaowaona na asiowaona. Watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani, wale waliokuwa wakichemsha sukari kandokando ya mto, nao ni hadithi yenyewe. Jonathon Glassman aliwatafuta katika Feasts and Riot (1995), kitabu ambacho Pangani ndiyo moyo wake, na ambacho ni aibu kwamba watoto wa shule za Pangani hawawezi kukisoma kwa Kiswahili.

Nahamia karatasi ya pili, ya Waingereza. Skeli 1:50,000, sentimita mbili ni kilomita. Baada ya vita kuu ya pili ndege za jeshi lao la anga zilipiga picha nchi yetu kutoka juu, mistari kwa mistari, na ofisi ya upimaji ya makoloni iliyoanzishwa 1946 (mwaka 1957 wakaibadilisha jina, neno "makoloni" lilikuwa limeanza kunuka) ikazigeuza kuwa ramani. Wachoraji walikaa Tolworth, pembezoni mwa London. Mtu aliyechora kontua za vilima vya nyuma ya Pangani inawezekana kabisa hakuwahi kutoa jasho la pwani maishani mwake.

Ni ramani bora. Mvuvi, daktari, mhandisi wa maji, wote wataichagua hii, na ndivyo inavyostahili. Lakini nasema kama msomaji: sauti yake ni ya mtu asiye na shaka. Weupe umekwisha. Kila kitu kimeonekana sawasawa kwa sababu kimeonekana kutoka juu: mikoko ina alama yake, minazi ina alama yake, nyumba ni kijiraba cheusi, shule, zahanati. Na kwa kuwa kila kitu kimeonekana, kisichoandikwa kinaonekana kama hakipo. Karatasi ya Kijerumani ilikuwa na ujinga wa wazi. Hii ina ujinga uliopakwa rangi.

Sasa, picha ya ndege haitaji majina. Mwenye kamera akiwa juu anaona paa, haoni kwamba paa ni la nani. Kwa hiyo majina yalipaswa kukusanywa chini, kwa miguu, na watu waliojua lugha: makarani, wasaidizi wa upimaji, wakalimani. Ramani haiandiki jina la karani. Pembeni utasoma idara, mwaka wa picha, mshale wa kaskazini ya sumaku, mchapishaji. Karani hayupo.

Lakini karani mmoja tunamjua sisi sote. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na Pangani ni mmoja wa miji aliyofanyia kazi. Baadaye akawa ofisi ya wilaya Tanga. Na kuanzia 1952 hadi 1960 alifanya kazi katika ofisi ya upimaji, Tanga. Nimesoma tasnifu nyingi juu yake na nashangaa jinsi jambo hili linavyopitwa mbio kama tarehe ya kuzaliwa. Hebu lipange: Kusadikika ilitoka 1951. Nchi inayoelea hewani, wajumbe sita wanatumwa pande sita, Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, Mbinguni na Ardhini, wakirudi na habari wanafungwa. Ni hadithi ya upimaji! Ni dola inayotuma watu kuipima dunia kisha inawaadhibu kwa walichokiona. Na mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, mwandishi anakaa kwenye meza ya ofisi ya upimaji kweli. Sitamvisha maneno ambayo hakuyasema. Nasema tu kwamba tunapofundisha Kusadikika kama fumbo la siasa, tunaacha nje ufundi wake wa jiografia. Pande nne zingemtosha mtu wa ramani. Mbili za nyongeza, juu na chini, ni zile ambazo ramani haina.

Nilisema nina shida ya kifamilia.

Babu yangu mzaa baba alitoka Njombe akaja kukata mkonge. Alikuwa manamba, yaani mtu wa namba: unaandikishwa, unapewa kipande, unapanda lori. Mkonge wenyewe nao ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ikiwa na nguvu ya kupandwa ni 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto kutoka Pangani. Miche 62! Hesabu hiyo imo katika kila kitabu cha historia ya mkonge, kila mche umehesabiwa. Babu yangu alikuja miaka zaidi ya hamsini baadaye kwenye shamba jingine la wilaya hiyo hiyo, nisilolitaja, akafia huko. Barua haikuja. Ilikuja habari kwa mdomo, miezi mingi baadaye, pamoja na blanketi.

Bibi hakuwahi kufika. Alichokuwa nacho ni maelezo ya mtu aliyeleta blanketi, na aliyahifadhi kama aya: ukitoka korona (korona ya mkonge hiyo, kiwanda, siyo ile ya 2020), fuata reli ya toroli, vuka daraja dogo, kambi ya pili, makaburi yako nyuma ya kambi upande wa jua linapozama. Alitufundisha wajukuu tuiseme. Alipofariki tukabaki nayo.

Nilipopata karatasi ya 1:50,000 niliichapa kubwa, nikailaza mezani, nikaisoma aya ya bibi kidole kikitembea. Na we acha. Ilikubali. Kiwanda kipo. Kistari cha reli ndogo kipo. Kijito kipo, na reli inakikata. Kuna kundi la viraba vyeusi, mbele kidogo kundi la pili. Jina la shamba limeandikwa kwa herufi kubwa zilizotawanywa juu ya eneo lote. Kambi hazina jina, ni viraba tu, vimepangwa mstari kama meno. Nyuma yake, upande wa magharibi, hakuna kitu. Rangi ya shamba imepita juu moja kwa moja.

Nilikasirika, kisha nikajiuliza nimkasirikie nani. Mchoraji wa Tolworth hakuona kaburi kwa sababu kaburi la manamba ni tuta la udongo, na kwa picha ya ndege tuta halipo. Mwenye shamba hakulitaja kwa sababu hakuna aliyemuuliza, au aliulizwa akaona halina maana. Karani aliyepita kukusanya majina aliandika jina la shamba, na kazi yake ikawa imekamilika. Kila mmoja alifanya sehemu yake vizuri. Ndiyo maana siwezi kukubali ile hukumu ya haraka kwamba ramani "imefuta". Kufuta kunahitaji mtu aliyeona kwanza. Hii haikuona, na imeandikwa kwa mtindo unaomfanya msomaji aamini kwamba imeona. Kosa liko kwenye mtindo, na mtindo ni kazi yetu sisi wahakiki.

Nilikwenda mwaka jana na shangazi. Korona imebaki kuta. Reli ya toroli iling'olewa, tuta lake linatumika na bodaboda. Daraja dogo ni vyuma viwili. Kambi ya kwanza ina watu, kambi ya pili ni magofu na miembe. Tulielekezwa kwa mzee mmoja aliyezaliwa pale pale kambini, baba yake alikuwa mtu wa mashine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmetoka wapi na makaratasi?"

Nikaikunjua ramani juu ya kitanda cha kamba. Aliitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni anayezungumza lugha usiyoijua vizuri. Nikamwonyesha korona, akaitambua. Nikamwonyesha kambi ya pili. "Hii mnaiita nini?" Akacheka. Ilikuwa na majina mawili, moja la msimamizi na moja la wenyewe, na la wenyewe halisemeki mbele ya shangazi. Kisha akaigeuza ile karatasi upande wa nyuma, mweupe, akaniomba kalamu.

Alichora mwembe mkubwa. Alichora kisima. Nyumba hakuzichora mstari kama meno. Alizichora kwa makundi, hapa Wabena, hapa Waha, hapa Wamakonde, pale walipokuwa wakicheza ngoma Jumamosi, pale mama fulani alipouza pombe. Mto akauchora juu ya mwembe ingawa uko chini yake, kwa sababu alikuwa amebakiwa na nafasi upande huo. Skeli hakuna. Kaskazini hakuna. Kisha akachora duara, akalitia nukta nukta ndani, nyuma ya kambi, magharibi.

Shangazi akasema, "Hapo hapo."

Tulikwenda. Ni pori la michongoma, na mkonge wa zamani umejiotea wenyewe na kutoa mlingoti. Matuta mawili matatu unaweza kuyadhania. Shangazi alisoma dua, nami nilisimama na karatasi mkononi nisijue niishike upande upi.

Tuliporudi mzee alisema anakumbuka waliozikwa pale enzi za utoto wake, kama nina nafasi niandike. Nikaandika kuzunguka lile duara, kwa herufi ndogo ili yaenee. Alikumbuka kumi na moja. La babu halikuwamo.